Ndiyo, Mwalimu

Nilipokuwa shule ya msingi Tanzania, mwalimu akimaliza somo aliuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima tukaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Hesabu za sehemu zilikuwa zimenipita tangu darasa la tatu, lakini niliitikia kwa sauti kubwa kuliko wenzangu. Siri yangu ilifichuliwa na mtihani wa Darasa la Nne. Mtihani ukatoa alama, tukaendelea mbele.

Sasa naishi Ufini na mwanangu anasoma huku. Mtoto huanza darasa la kwanza akiwa na miaka 7, na katika miaka tisa ya elimu ya msingi hakuna mtihani wa taifa wa kumpandisha wala kumchuja. Mwanzoni niliona ni ulegevu. Kisha mwanangu akakwama kwenye kugawanya. Haikupita wiki mbili mwalimu akanipigia simu: kila Jumanne angekaa naye kabla ya vipindi, na darasani angempa mazoezi yake mwenyewe. Hakuna aliyemcheka. Msaada huo ni haki ya mtoto kisheria, wala haulipiwi kama twisheni.

Nitaambiwa Ufini ni tajiri na madarasa yake ni madogo. Ni kweli. Simlaumu mwalimu mwenye watoto 80, kwani kusahihisha tu madaftari yao kunammaliza. Kinachoniuma ni kwamba mtaala wetu wa sekondari unasisitiza umahiri wa mwanafunzi tangu 2005, huku mwalimu akiendelea kupimwa kwa wastani wa shule kwenye mtihani. Atafundisha kile anachopimwa nacho, nani asingefanya hivyo?

Tena si kila kitu kinadai fedha za Ufini. Nchini India, shirika la Pratham huwapanga watoto kwa saa moja au mbili kwa siku kufuata uwezo wao wa kusoma, bila kujali umri wala darasa: wanaotambua herufi kundi lao, wanaosoma aya kundi lao. Kumpima mtoto huchukua dakika chache na karatasi moja. Walimu wetu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wanaliweza hilo, wakipewa nafasi kwenye ratiba.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Nikipiga simu nyumbani nilizoea kuwauliza wapwa zangu, "Umekuwa wa ngapi?" Nimeacha. Siku hizi namwomba kila mmoja anisomee ukurasa. Jumapili iliyopita yule wa darasa la tano, ambaye amekuwa wa kumi na mbili, alikwama kwenye sentensi ya pili.