Bustani za mvua mbele ya bahari iliyojaa

Mtaa wa pwani hujaa maji kwa njia tatu, na zote tatu tunaziita mafuriko. Ya kwanza ni mvua inayoshuka kwa kasi kuliko mtaro unavyoweza kuibeba. Ya pili ni bahari yenyewe: wakati wa bamvu, yaani bahari inapojaa kupita siku nyingine, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya chumvi hurudi kinyume ndani ya bomba la mtaro na kutokea kwenye chemba za barabarani, hata kama jua linawaka. Ya tatu haionekani: maji ya chini ya ardhi hupanda pamoja na bahari mpaka yakaribie uso, na hapo hata mvua ndogo hukosa pa kuingia. Mjadala kuhusu kupunguza mafuriko kwa bustani za mvua (vibonde vilivyopandwa mimea ili vipokee maji ya barabarani na ya paa), mitaro ya nyasi na vitofali vinavyopitisha maji huharibika mapema kwa sababu anayezitetea anafikiria mafuriko ya kwanza, na anayezipinga ameshaona ya pili.

Hesabu kidogo inasaidia kuwaelewa wote wawili. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Chukua hekta moja ya mtaa ambamo asilimia 70 ni mabati, zege na lami. Ikinyesha milimita 50 kwa saa mbili, eneo hilo gumu linamwaga mita za ujazo 350. Sasa tenga asilimia 4 ya hekta hiyo, yaani mita za mraba 400, iwe bustani za mvua kando ya barabara: sentimita 20 za nafasi ya maji kutuama juu, chini yake sentimita 60 za udongo wa kichanga ambao asilimia 20 ya ujazo wake inapokea maji, kisha sentimita 30 za kokoto zenye uwazi wa asilimia 40. Juu panakaa mita za ujazo 80, ndani ya udongo 48, ndani ya kokoto 48. Jumla ni 176, nusu ya mvua ile. Mvua ya milimita 20, ambayo ndiyo inayokuja mara nyingi, inatoa 140 na yote inaishia bustanini. Mvua ya milimita 150 inatoa 1,050, na bustani zilezile zinabeba sehemu moja tu kati ya sita.

Kwa hiyo anayesema bustani hazizuii gharika anasema kweli. Zhengzhou nchini China, ingawa si mji wa pwani, ulikuwa tayari na miradi ya “mji wa sifongo”, yaani mji unaojengwa ili ufyonze mvua, pale milimita 201.9 ziliposhuka kwa saa moja tarehe 20 Julai 2021. Udongo wa kawaida wa mjini haupokei maji kwa kasi hiyo. Copenhagen, baada ya mvua ya takribani milimita 150 kwa muda wa saa mbili hivi tarehe 2 Julai 2011, iliandaa mwaka 2012 mpango wa kupambana na mvua kubwa, uliokuja kuwa na miradi ipatayo 300, na ndani ya mpango huo bustani na viwanja vya kushikilia maji vinakaa pamoja na mahandaki makubwa yanayomwaga bandarini. Wahandisi wa mji ule hawakulazimika kuchagua kati ya nyasi na zege.

Ila pwani kuna hoja ambayo wapingaji huiruka na watetezi hawaitumii inavyostahili. Katika pwani nyingi, kati ya kujaa kwa bahari na kujaa kunakofuata hupita takribani saa 12 na dakika 25. Bomba linalomwaga baharini linategemea tofauti ya kimo kati ya maji ya mtaani na maji ya bahari. Bomba likiwa limejaa, tofauti hiyo ikipungua hadi robo, mtiririko hupungua hadi nusu. Ikifika sifuri, hakitoki kitu. Ndiyo maana mvua ileile inayopita kimyakimya maji yakiwa yamekupwa huingia majumbani ikinyesha bamvu likiwa juu. Basi kazi kubwa ya bustani ya pwani si kuyameza maji yote. Kazi yake ni kuyashikilia saa 4 hadi 6, mpaka bahari ishuke na bomba lianze kutoa tena. Zile mita za ujazo 176 zikiachiwa taratibu kwa saa 6 ni kama lita 8 kwa sekunde. Mvua yote ya milimita 50 ikikimbilia mtaroni kwa saa mbili ni wastani wa lita 49 kwa sekunde. Kinachohitajika ni bomba lenye matundu la milimita 100 chini ya kokoto, na mwisho wake kifuniko chenye tundu dogo linalopangiwa kasi ya kutoa. Michoro mingi inaweka bomba hilo bila kifuniko, na bustani inageuka kuwa njia ya mkato ya kuyafikisha maji mtaroni.

Hesabu hiyo yote inaanguka kama maji ya chini ya ardhi yako karibu. Kanuni ya kawaida ni kuacha angalau sentimita 60 kati ya kitako cha bustani na kimo cha juu kabisa cha maji hayo. Bustani tuliyoipima hapa ina kina cha sentimita 110. Mahali ambapo maji yako sentimita 70 chini ya uso, kokoto zake zimejaa kabla ya tone la kwanza la mvua na zile mita za ujazo 48 ni za kwenye karatasi tu. Kosa hili hutokea kwa sababu kipimo kimefanywa siku moja, mara nyingi kiangazi, mara nyingi wakati wa maji mafu, bahari isipopanda sana. Kipimo cha haki ni bomba la plastiki la milimita 50 lililotobolewa matundu, likavikwa wavu na kuzamishwa mita 2, kisha kusomwa kwa mwezi mzima wa kuandama, msimu wa mvua, ili yaonekane mabamvu yote mawili. Pale maji yanapopanda sana, achana na wazo la kupenyeza. Tumia mtaro mpana wa nyasi wenye vizuizi vifupi vya mawe, au eneo oevu lililokusudiwa kukaa na maji, lenye mimea inayovumilia chumvi. Chumvi hudhuru hata pale mimea inapoivumilia: sodiamu hutawanya chembe za mfinyanzi, udongo hujifunga, na bustani iliyokuwa ikinywa maji kwa saa chache huyalaza siku nne.

Ujenzi ndipo penye hasara nyingi zaidi, na ni hasara za mambo madogo. Katapila likipita juu ya kitako cha bustani mara moja, udongo umeshindiliwa. Lichimbe likiwa limesimama pembeni, na kitako kikwanguliwe kwa reki kabla ya kujaza. Mchanganyiko wa udongo uwe mchanga kwa sehemu kubwa, asilimia 60 hadi 70, udongo wa juu na mboji kidogo. Fundi anayeongeza mboji ili mimea ipendeze anaongeza pia fosfora inayotiririka hadi baharini. Kitambaa cha kuchuja kikilazwa kati ya udongo na kokoto huziba kwa matope laini, kwa hiyo tabaka jembamba la kokoto ndogo hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Usiweke vibanzi vya mbao juu: mvua ya kwanza huviinua na kuvisukuma kwenye mdomo wa kutolea. Weka mawe.

Halafu mlango wa kuingizia maji. Mara nyingi bustani nzuri kabisa inabaki kavu huku barabara iliyo mbele yake imejaa, kwa sababu pengo la kwenye ukingo wa barabara lina upana wa kiganja na uso wa bustani uko sawa na lami. Jani moja, mfuko mmoja wa plastiki, na mlango umefungwa. Pengo liwe sentimita 45 au zaidi, bustani ianze sentimita 5 chini ya lami, na ndani ya mlango pawe na kibeseni cha zege cha kutulizia mchanga, kinachoweza kukombwa kwa koleo. Na bustani ifunguliwe mwisho, baada ya ujenzi wa jirani kumalizika. Ikifunguliwa mapema, rundo la mchanga la mkandarasi litahamia humo kwa mvua mbili.

Vitofali vinavyopitisha maji nitavitaja kwa ufupi. Vinafaa maegesho na vichochoro, viungo vikijazwa kokoto za milimita 2 hadi 5. Mafundi wengi huvijaza mchanga au saruji kwa mazoea, na kazi inakuwa imeisha hapo. Mahali bahari inapopanda ikiwa na matope, visitumike kabisa.

Matangi ya paa yana ubishi wake wa ndani. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na milimita 50 hutoa lita 5,000, kwa hiyo tangi moja la ujazo huo lingemaliza kazi, kama lingekuwa tupu. Lakini mwenye nyumba anataka tangi lijae, na mtaa unataka liwe tupu. Njia ya kati ni kutoboa tundu nusu ya kimo: nusu ya chini ni ya matumizi, nusu ya juu ni ya mafuriko. Kwa tangi la kimo cha mita 2, tundu la milimita 5 lenye kichujio hutoa lita 2,500 za juu kwa muda wa karibu siku nzima. Bila makubaliano na mwenye nyumba tundu hilo litazibwa kwa kijiti, naye hatakuwa na kosa.

Upande wa pili unasema: weka vali ya kuzuia maji kurudi, weka pampu. Kwa mafuriko ya bamvu wako sahihi, na anayependekeza bustani kama dawa ya maji ya bahari yanayotokea kwenye chemba anawapotezea watu muda. Lakini vali ikifungwa kuzuia bahari, inaifungia pia mvua ndani, na pampu inasimama umeme unapokatika, ambao hukatika katika dhoruba ileile. Vali inahitaji mahali pa kuyaweka maji wakati imefungwa. Ndipo bustani, mabwawa na maeneo oevu yanapopata nafasi yao halali. Staten Island, New York, tangu miaka ya 1990 mji umekuwa ukihifadhi vijito na maeneo oevu na kuviunganisha na mitaro ya mvua. Beira, Msumbiji, mto Chiveve ulichimbwa upya, mdomoni pakajengwa mlango wa kudhibiti bahari, na kingo zake zikarudishiwa mikoko. Sifa ya kazi hizo ni ya zege na mimea kwa pamoja.

Hoja kwamba bustani huzalisha mbu hujibiwa kwa saa. Mbu huhitaji takribani wiki moja kutoka yai hadi kuruka, na bustani inayokauka ndani ya saa 48 haimlei. Inayolaza maji humlea, kwa hiyo malalamiko ya mbu yachukuliwe kuwa taarifa ya kuziba, watu wasijibiwe kwa semina.

Hoja nzito kuliko zote ni ya matunzo. Mtaa usiozolewa taka hauwezi kuwa na bustani ya mvua. Utakuwa na jalala lenye mlango mzuri. Kibeseni kikombwe baada ya kila mvua kubwa, magugu yang'olewe kila mwezi katika miaka miwili ya mwanzo, na haya yaandikwe kwenye mkataba pamoja na jina la anayelipwa kuyafanya. Mkandarasi naye asilipwe kwa picha. Lije boza la lita 10,000, limimine maji yote kwenye bustani moja kupitia mlango wake wa barabarani, na saa iandikwe. Maji yakipita mlangoni bila kuingia, mlango uvunjwe ujengwe upya. Yakiwa bado yametuama baada ya saa 48, udongo utolewe. Boza hilohilo lirudi baada ya mwaka, siku ya bamvu, kabla sehemu ya mwisho ya malipo haijatoka.