Maji ya Saa Kumi

Saa yangu ya mkono niliirithi kwa babu, naye alikuwa ameitega kwa hesabu ya Kiswahili, yaani kukipambazuka mshale mfupi huwa kwenye 12 na adhuhuri huwa kwenye 6. Sikuona sababu ya kuibadilisha. Nimefundisha jiografia katika sekondari moja ya Mombasa kwa miaka 11 nikiwa nayo mkononi, na sijapata kuchelewa kipindi hata kimoja. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu wenzangu watatu wanaeneza habari nyingine.

Tulikuwa wanne katika boti ya faiba yenye injini ya nguvu za farasi 40: mwenye boti, shemeji yake, mhasibu na mimi. Kwa siku tatu tulizunguka visiwa vya Lamu, tukafika Pate, tukaiona ngome ya Siyu, tukalala Kiwayu, na sina la kusimulia kuhusu siku hizo kwa kuwa tulikuwa na nahodha. Alikuwa kijana wa Amu, yaani mji wa Lamu, asiyevaa saa kabisa. Alikuwa akitazama rangi ya maji, akitazama mwezi, kisha husema ama "twendeni" ama "tungojeni", na boti haikugusa mchanga hata mara moja, hata katika mlango wa Mkanda ambako vyombo hukwama kila siku. Siku ya nne alikuwa na harusi ya binamu yake. Sisi tukaona kwamba Takwa, magofu yaliyoko kisiwani Manda, ng'ambo tu ya kijiji cha Shela, si safari ya kumlipa mtu.

"Mwalimu si yupo?" alisema mwenye boti. Mwalimu alikuwapo, na tena alikuwa amejiandaa. Usiku uliotangulia nilikuwa nimenakili jedwali la maji kutoka kwenye simu, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: 4:25 maji kujaa, 10:35 maji kupwa. Ulikuwa mwezi mpevu, kwa hiyo ni bamvua, yaani siku za maji makubwa, na maji ya bamvua huko hupanda na kushuka karibu mita 3.

Takwa huingiliwa kwa hori jembamba linalopita katikati ya mikoko. Tulipofika mdomoni mwake saa yangu ilionyesha 9:30 alasiri. Nikaikunjua karatasi, nikaona 10:35, kupwa, nikawatangazia kwamba maji yamebakiza saa moja tu kuwa makavu kabisa, na kuanzia hapo yatapanda mpaka saa nne na dakika ishirini na tano za usiku. Tungeweza kutembea, kula na kunywa kahawa pasipo haraka yoyote.

Shemeji alichungulia nje. Mizizi ya mikoko haikuonekana hata mmoja. Matawi ya chini yalikuwa yakielea, na samaki wadogo walikuwa wakipita kati ya majani.

"Mwalimu, haya ndiyo maji makavu?"

Nilimjibu kwa upole, kama ninavyowajibu wanafunzi wa kidato cha kwanza, kwamba kama maji makavu ni haya, basi afikirie yenyewe yakijaa yatakuwaje. Hoja ile iliwaridhisha wote. Nikaongeza kwamba boti tuifunge kwa kamba ndefu sana, ili maji yatakapopanda isije ikavutwa chini na kuzama, na mwenye boti akanishukuru kwa kuona mbali.

Magofu yenyewe yanastahili safari. Mji ule ulihamwa katika karne ya 17, na wengi husema ni kwa sababu visima viliingia chumvi, watu wakavuka kwenda Shela. Msikiti una nguzo iliyosimama juu ya kibla, na nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la nguzo lenye mwaka 1094 wa Hijria, ambako watu wa Shela bado huja kuomba mvua. Mlinzi alitutembeza chini ya mibuyu, akatueleza yote haya, kisha akaanza kutazama upande wa hori. Alituuliza kama hatuondoki. Baada ya muda akatuuliza tena. Mara ya pili nilimwonyesha karatasi. Aliisoma, akanitazama, akatutakia usiku mwema na kuondoka kwa mtumbwi wake kwa kasi ambayo wakati ule niliiona kuwa ni ya mtu mwenye njaa.

Tulikula mikate ya mofa na samaki wa kukaanga, tukarudi horini jua limeshatua. Kamba ndefu ilikuwepo. Mwisho wa kamba, boti ilikuwa imelala ubavu juu ya tope, mkia wa injini hewani, na kaa wekundu walikuwa wakiikagua kana kwamba wanataka kuinunua. Palipokuwa na hori palibaki mfereji ambao bata angeuvuka kwa miguu. Tulikuwa tumepwelewa.

Mwenye boti alisema tuisukume. Shemeji akatangulia, akazama mpaka magotini, na alipotolewa alitoka bila ndara zake, ambazo naamini ziko pale mpaka leo. Mhasibu hakusukuma. Aliiomba karatasi yangu, akaimulika kwa simu, akauliza kwa sauti ya mtu anayekagua hesabu za watu: "Mwalimu, hizi ni saa za Kizungu au za Kiswahili?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Jedwali lilimaanisha kwamba maji yanajaa saa kumi na dakika ishirini na tano za jioni, nami niliisoma 4:25 kwa saa ya babu. Lau hesabu hizi mbili zingepishana kwa saa mbili au tatu, tungepata hasara kiasi. Lakini zinapishana kwa saa sita, na maji nayo huchukua saa sita na dakika kidogo kutoka kujaa hadi kupwa, kwa hiyo kosa langu lilikuwa limekamilika: kila palipokuwa na kujaa mimi niliona kupwa, na kila palipokuwa na kupwa niliona kujaa.

Usiku ule tulikaa ndani ya boti iliyolala upande, wote wanne tukiwa tumeteremkia ubavu mmoja kama ndizi ndani ya kikapu. Mbu wa mikoko hawajali elimu ya mtu. Mwezi ulikuwa mzuri mno, na kila nilipotaka kueleza jinsi unavyoyavuta maji, shemeji aliniomba kwa adabu ninyamaze.

Boti ilielea tena usiku wa manane. Saa yangu ilionyesha 9:30 kamili, pale pale ilipokuwa tulipoingia.

Tuliegesha Amu wakati adhana ya alfajiri ikiitwa. Nahodha wetu alikuwa kwenye ngazi za gati, ndiyo kwanza anatoka harusini, akatutazama tope letu kuanzia miguuni hadi kwenye nyusi.

"Mwalimu," aliniamkia, "saa ngapi sasa?"

Wenzangu wote watatu waligeuka kunitazama. Nilitia mkono mfukoni pamoja na saa yake, nikainua macho, nikamwambia kwamba kunakaribia kucha.