Wacheni Vijana na Ngazi za Mama Ngina

Tangu skeitibodi, mchezo wa kuteleza juu ya ubao wenye magurudumu, iingie Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, na Momiji Nishiya wa Japani akanyakua dhahabu akiwa na miaka 13, wakubwa wetu wana swali moja tu: nasi timu yetu lini? Mimi naona wanaanzia kusiko.

Katika mchezo huu shirikisho halimfanyi mtu kuwa mchezaji wa kulipwa. Kampuni inayotengeneza mbao za kuchezea ndiyo inayochapisha jina lake kwenye ubao na kumpa fungu lake kila ubao ukiuzwa. Nayo humtafuta kwenye video: kijana anaserereka juu ya reli ya ngazi, anaanguka, anarudi, anaanguka tena, hadi triki inakubali. Jarida la Thrasher la San Francisco, lililoanza 1981, humteua mchezaji wa mwaka kwa kazi za aina hiyo, si kwa kuhesabu medali.

Ndiyo maana wachezaji wa kulipwa hawatulii makwao. Ziara yao ni gari moja limejaa mbao na begi, mpiga picha, mshika kamera, kulala sakafuni, kifundo kimevimba. Mchana wanaonyesha triki mbele ya duka na kusaini mabango, jioni wanasaka ngazi mpya kabla mlinzi hajawatimua. Kikundi cha taarab kinachozungushwa harusi hadi harusi kingewaelewa. Na pesa si za kutegemea: hata Tony Hawk, Mmarekani maarufu kuliko wote katika mchezo huu, kabla ya mizunguko yake miwili na nusu hewani mwaka 1999, alipitia miaka ya kubana matumizi mchezo ulipodorora. Mzazi anayehesabu utajiri wa mwanawe apunguze mwendo.

Nairobi wana rampu zao, yaani miinuko ya kuchezea, pale Shangilia, kule Kangemi, na hongera zao. Sisi wa Mombasa tuna Mama Ngina, bustani ya ufukweni iliyokarabatiwa 2019, yenye sakafu pana na ngazi zinazoitazama bahari. (Upepo wa chumvi nao hula beringi za magurudumu upesi, basi mafuta yasikose mfukoni.) Askari anayepuliza kipenga anafukuza kitu ambacho wenzetu huvuka mabara kukitafuta.

Najua, kingo za viti humegeka, na mtu aliyeshika mihogo yake ya kukaanga hataki ubao umgonge muundi. Basi kaunti itenge saa: alfajiri mpaka saa mbili asubuhi, familia hazijafika na jua halijachoma. Mwenye simu ya kamera nzuri naye adamke.