Mwenzako Mbona Kanyamaza?

Wiki iliyopita mdogo wangu alijifungua hapa Mombasa. Mtoto wa kike, wote wazima, alhamdulillahi. Lakini kuna neno aliloambiwa na nesi leba ambalo mpaka leo likinijia usingizi hukata: "Mwenzako wa kitanda kile mbona kanyamaza? Wewe wajidekeza tu."

Huyo aliyenyamaza huenda kaumbwa hivyo! Mwaka 2020 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walitoa matokeo ya kuwachunguza wanawake waliozaa mtoto wa kwanza bila kuomba dawa yoyote ya maumivu. Baadhi yao walikutwa na badiliko katika jeni (chembe ya urithi) iitwayo KCNG4, ambalo karibu mwanamke 1 kati ya 100 analo. Neva zao za tumbo la uzazi haziamki upesi kupeleka habari ya uchungu. Walipimwa pia hisia na akili, wakaonekana sawa na wenzao. Basi ushujaa uko wapi hapo? Yuko pia Jo Cameron wa Scotland, aliyeandikwa na madaktari 2019: badiliko karibu na jeni ya FAAH limemfanya hasikii maumivu na wala hana wasiwasi. Vyote viwili, mzizi mmoja. Sasa mwanamke mwenye hofu, ukimfokea, umempunguzia nini? Hofu ikipanda, uchungu nao huzidi.

Dawa nazo hazipokelewi sawa. Kodeini, dawa ya maumivu, hugeuzwa na ini kuwa mofini, nayo ndiyo hutuliza. Kuna ini lisilogeuza karibu kitu, na lipo linalogeuza kwa kasi hadi mofini inamfikia mtoto kwenye maziwa.

Mtaniambia bibi zetu walizaa nyumbani, kimya. Bibi yangu alizaa wanane Kibokoni, na sifa yake ni hiyo, hakusikika. Shangazi aliyekuwa mlangoni ndiye aliyenihadithia kuwa kila mara alikuwa akiuma leso, na mara moja akaitoboa. Hiyo sehemu ya leso haisemwi harusini.

Nakubali, nesi mmoja usiku na vitanda vyote vile ni mzigo mkubwa. Wala sidai watu wapimwe jeni leba. Namtaka amuulize aliye mbele yake anasikiaje, kisha amwamini.

Jana, mtoto akiwa kifuani, mdogo wangu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, kwani nilipiga kelele sana?"