Mabua tunayachoma, mbuzi wanakonda

Hili la kuchoma mabua linaniuma jamani. Mwezi wa nane, wa tisa, ukishika njia ya Dodoma kwenda Singida unakuta shamba linafuka moshi na pembeni yake mbuzi mbavu nje wanahangaika na vijiti, halafu mwenyewe anakwambia malisho hakuna.

Najua wafugaji watasema mabua hayana kitu. Ni kweli kiasi. Bua kavu la mahindi au majani ya mpunga yana protini kama asilimia 3 mpaka 5, na mbuzi anataka angalau 7 hivi ili wale vijidudu wa tumboni wanaomsagia chakula wafanye kazi vizuri. Tena hata chakula kilichomo kimebanwa na lignini, ile inayolifanya bua liwe gumu kama mti, mbuzi atacheua weee lakini haiwezi.

Anayeiweza ni uyoga. Huu huu uyoga mamama tunaokula, asili yake ni kwenye magogo, na kuvunja lignini ndo kazi yake. Mabua yanakatwakatwa, yanachemshwa au kupigwa mvuke kuua vimelea vingine, yakipoa yanachanganywa na mbegu ya uyoga kwenye mifuko, yanawekwa bandani pasipo jua, na baada ya wiki 3 au 4 hivi mfuko mzima umejaa utando mweupe. Ukilishika bua lenyewe linakatika kwa vidole, laini, linanukia uyoga mbichi.

Ila kumwambia mfugaji wa mbuzi sita aanze kununua mbegu, mifuko na kuni za kuchemshia ni kumtesa tu, haimlipi. Wakulima wa uyoga wapo tayari! Gharama ishalipwa na uyoga waliouza, na wakishamaliza kuvuna mifuko inamwagwa shimoni au inakuwa mbolea. Mimi nasema mifuko hiyo ndo tuifuate, mabua yaliyomo tuwape mbuzi, na tuiwahi, kwa sababu uyoga nao unakula, ukiuacha muda mrefu unamaliza hata ile sehemu ambayo mbuzi angefaidi, unabaki kubeba majivu.

Sasa mtu asinielewe vibaya akaenda kulisha mbuzi kila chenye ukungu. Ukiona kijani, nyeusi au rangi ya chungwa, au harufu ya uvundo, tupa mfuko wote, usikae kuchambua. Sumukuvu, ile sumu inayotoka kwenye ukungu, tunaijua, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na mnyama nae inamdhuru. Na kabla hujapakia kitu muulize mkulima kama alipulizia dawa ya inzi bandani, hili watu wanalisahau kabisa na ndo lenye hatari.

Mbuzi anachagua sana, usimmwagie ghafla. Anika kwanza, anza na kiasi kidogo ndani ya majani anayoyajua, nyunyizia pumba na chumvi kidogo, ongeza polepole kwa wiki moja mbili. Mwenye mimba au anayekamuliwa bado anataka mashudu ya alizeti juu yake, na Singida alizeti inalimwa sana.

Kwa hiyo nyie wenye mabanda ya uyoga, kabla hamjamwaga mifuko msimu huu, hebu ulizeni jirani nani anafuga. Na maafisa ugani, nyie mnawajua wote wawili, wakutanisheni basi.