Msimbo Usio na Mtumiaji Uondolewe Katika Kerneli

Naamini kwamba kuondoa utegemezi uliopitwa na wakati, yaani msimbo wa zamani usiotumiwa ambao sehemu nyingine bado zimefungamana nao, katika kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ni kazi yenye uzito uleule wa kuongeza uwezo mpya, na anayeifanya anastahili kupewa muda na heshima ileile. Wanaoipinga husema kwamba msimbo uliolala haumdhuru mtu. Historia ya DCCP, itifaki (kanuni) ya kusafirisha data mtandaoni, katika kerneli ya Linux inawakanusha.

Itifaki hiyo iliingizwa mwaka 2005 na ikapata watumiaji wachache mno. Hata hivyo, mwaka 2017 iligunduliwa ndani yake kasoro ya zaidi ya miaka kumi, iliyomwezesha mtumiaji wa kawaida kujitwalia mamlaka ya msimamizi mkuu wa mfumo. Kulikuwa na hasara nyingine isiyotangazwa sana, nami naiona kubwa zaidi: kwa kuwa DCCP na itifaki nyingine, TCP, zilitumia kwa pamoja sehemu ya msimbo wa kusimamia miunganisho, aliyetaka kuiboresha TCP, ambayo mawasiliano mengi ya intaneti huitegemea, alilazimika kuichunga pia itifaki ambayo karibu hakuna aliyeihitaji. Onyo kwamba DCCP ingeondolewa lilitolewa mwaka 2023, na mwaka 2025 ikaondolewa.

Napendelea utaratibu huo wa kuonya mapema, kwa sababu kupekua msimbo pekee hakutoshi kujua kama bado kuna kinachoutegemea. Sehemu za kerneli huitana kupitia viashiria vya funksheni (anwani zinazoelekeza kwenye msimbo wa kutekelezwa), faili moja ya kichwa (yenye matamko yanayotumiwa na faili nyingine) huvuta nyingine, na chaguo moja la usanidi huweza kuwasha jingine bila mwenye kusanidi kutambua. Ingo Molnar, mmoja wa waandishi wa kerneli ya Linux, alipopendekeza mwaka 2022 kuzipanga upya faili za vichwa za Linux ili kupunguza kutegemeana huko, kazi yake ilizidi viraka (mabadiliko ya msimbo) 2,000.

Wenye mashine za zamani wana haki ya kusikilizwa. Lakini hata prosesa ya 386, ambayo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliianzia kazi hiyo mwaka 1991, iliacha kuungwa mkono kuanzia toleo la 3.8 mwaka 2013, ingawa matoleo yaliyotangulia bado yanapatikana kwa anayeyahitaji. Kwa maoni yangu, anayetaka msimbo wa aina hiyo ubaki katika matoleo mapya ajitolee kuujaribu na kuurekebisha kila toleo linapoandaliwa. Asipojitokeza mtu baada ya onyo la muda wa kutosha, uondolewe pamoja na chaguo zake za usanidi na faili zake za vichwa.