Corona ilipita, vyuo vyetu vikarudi kulekule

Kuna kitu kinaniuma sana kuhusu vyuo vyetu vya Tanzania na leo nimeamua nikiandike kirefu, mana kila nikikiongea na watu naambiwa corona ilishaisha achana nayo. Sawa, imeisha, ila mimi siongelei ugonjwa, naongelea pindi, yaani masomo ya darasani. Ivi kesho asubuhi tukiambiwa tena kila mtu arudi kwao, mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye kwao ni Namtumbo au Kibondo ataendelea kusoma vipi? Kwa vyuo vingi jibu ni lilelile la 2020: hatasoma, atakaa nyumbani asubirie tangazo.

Tukumbushane kidogo. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, Arusha, kesho yake shule zikafungwa na keshokutwa yake vyuo navyo vikafuata. Watu wakapanda mabasi na madesa (noti za kukopi) kwenye begi, wengine waliacha mpaka magodoro hosteli wakijua ni wiki mbili tatu tu. Vyuo vikafunguliwa tarehe 1 Juni, ratiba ikabanwa ili kufidia muda uliopotea, watu wakasoma mbiombio, UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista, ikafanyika, maisha yakaendelea. Na mimi naona hapohapo ndo tulipojikwaa, kwa sababu sisi tulifunga kwa miezi miwili na nusu tu wakati jirani zetu walikuwa na hali nyingine kabisa. Kenya wanafunzi wengi wa vyuo walikaa nyumbani kuanzia Machi na kurudi kwao kulikuwa kwa awamu kuanzia mwishoni mwa mwaka. Uganda ndo usiseme, vyuo vilifunguliwa kwa awamu, Juni 2021 vikafungwa tena, na shule za watoto zikaja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022, karibu miaka miwili jamani. Wale hawakuwa na ujanja, ilibidi wajenge kitu. Uganda baraza lao la elimu ya juu likatoa utaratibu wa dharura wa kufundisha kwa mbali, Kenya vyuo vikaanza kufanya mpaka mitihani kwenye mtandao, na 2023 wakazindua chuo kikuu huria chao kule Konza. Sisi hatukubanwa, kwa hiyo wengi wetu hatukujenga.

Na kinachoumiza zaidi ni kwamba sisi ndo tulitangulia. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992 na kikaanza kupokea wanafunzi 1994, yaani corona inafika sisi tuna robo karne ya kufundisha watu ambao hawaji darasani kila siku, walimu, manesi, askari, mama mwenye watoto watatu anasoma usiku wakishalala. Kina vituo mikoani. Uzoefu wote huo tunao hapa nyumbani, lakini vyuo vingine vilipokwama ni kama hakuna aliyekumbuka kuwauliza nyie mnafanyaje. Hata Moodle, ule mfumo wa kuweka masomo mtandaoni, vyuo vikubwa walikuwa nayo muda mrefu tu, ila kozi nyingi ukizifungua unakuta slaidi za miaka mitatu nyuma na matokeo ya testi, basi.

Najua mtu atasema tatizo ni bando. Ni kweli, tena kweli kabisa, wote tunakumbuka Aprili 2021 vifurushi vilipopanda ghafla mpaka serikali ikasitisha mabadiliko yale. Lakini hapa tunachanganya mambo mawili. Tukisikia kusoma mtandaoni akili inaenda Zoom, mwalimu anaonekana kwenye video na darasa zima liko hewani saa nane mchana, na hiyo kwa mtoto wa Kibondo haiwezekani, mana saa moja ya video inaweza kula zaidi ya MB 500 na bado mtandao ukikatika katikati umeikosa. Ila sauti peke yake ikibanwa vizuri saa nzima haizidi MB 15. Ongeza PDF ya noti, ongeza maswali ya mazoezi, mtu anadownload usiku bando likiwa rahisi anasikiliza kesho yake akiwa shambani. Kwani kwenye kile kipindi cha kufungwa nini kilifanya kazi kweli? Ni magrupu ya WhatsApp ya darasa. CR (kiongozi wa darasa) anatuma picha za noti, mmoja aliyeelewa anarekodi voice note ya dakika tano anaeleza swali, mwingine anajibu baada ya siku mbili akipanda kilimani kutafuta network. Wanafunzi wenyewe walishaonyesha njia inayowezekana kwa hali yetu, ni vyuo tu havijaichukua na kuiweka kwenye utaratibu rasmi.

Alafu tusijidanganye kwamba intaneti peke yake inatosha. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zinazotuletea intaneti, za EASSy na Seacom, zilikatika na nchi nzima ikahangaika, email hazifunguki, kila kitu kinazunguka tu. Kama kozi yote ya chuo inategemea seva iliyoko Ulaya siku kama ile umekwisha. Noti na sauti zikae kwenye seva za hapahapa nchini, na nakala zikae kwenye flashi na kompyuta za vituo vya mikoani, vile vya Chuo Huria vipo tayari, wakubaliane tu mwanafunzi wa chuo chochote cha umma aweze kuingia akakopi masomo yake bure. Hilo halihitaji mabilioni, linahitaji wakuu wa vyuo wakae meza moja.

Kuna masomo ambayo hayaendi kwa sauti, hilo halina ubishi. Mtu wa udaktari Muhimbili hawezi kujifunza kushona kidonda kwa voice note, na wa mifugo pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, lazima amshike ng'ombe. Lakini hata hao siyo kila saa wako maabara. Zile nadharia zao zikiwa zimerekodiwa, chuo kikifungwa wanamaliza nadharia nyumbani, kikifunguliwa wiki zote zinaenda kwenye vitendo badala ya kuanza kukimbizana na slaidi. Na hata bila ugonjwa wowote hii inasaidia, kuna masomo ya lazima kama DS (Development Studies, masomo ya maendeleo) ambayo darasa linafurika mpaka watu wanasikilizia dirishani, mwalimu anarudia maneno yaleyale kila mwaka na wa nyuma hasikii kitu. Mtu aliyeumwa malaria wiki nzima anabaki kuomba desa. Mwenye mtoto mchanga vilevile.

Sasa kwa nini haifanyiki? Mimi siwalaumu wahadhiri. Kuandaa kozi nzima irekodiwe, iandikwe upya, iwekewe mazoezi, ni kazi ya miezi, na mhadhiri anajua fika kwamba kwenye kupanda cheo kinachombeba zaidi ni machapisho ya utafiti. Atarekodi saa ngapi, na kwa faida gani? Anafundisha kozi nne, anasahihisha mamia ya karatasi, anasimamia wanafunzi walioko field, yaani mafunzo kwa vitendo. Kozi iliyoandaliwa vizuri ya kusomwa popote ihesabiwe pointi kama inavyohesabiwa makala ya jarida, na apunguziwe vipindi semista anayoiandaa. Hapo utaona watu wanavyochangamka. Bila hivyo tutaendelea kufanya semina za siku mbili zenye chai na cheti, alafu kimya.

Na hela safari hii zilitoka. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, ule wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia ulioanza 2021, uliletwa kujenga majengo na maabara na kampasi mpya mikoani, mojawapo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kule Kagera. Nimefurahi sana kwa watu wa Kagera, walistahili siku nyingi. Ila Kagera hiyohiyo ndo ilipata Marburg, ugonjwa wa jamii ya Ebola, Machi 2023, ikapata tena Januari 2025 upande wa Biharamulo, na wamepakana na Uganda ambako mwaka 2022 Ebola ilifanya shule zifungwe kabla ya muda wake. Yaani pale siyo suala la kama vyuo vitafungwa tena, ni lini. Kwa hiyo wanaosimamia mradi ule naomba walifikirie hili sasa hivi: kila kozi ya mwaka wa kwanza pale iwe na sauti zake, noti zake na mazoezi yake tayari kwenye seva na kwenye flashi, na mwanafunzi akabidhiwe siku ileile anayopewa kitambulisho.